Bustani ya Englewood na Kazi Inayobaki Makofi Yakiisha

Mapema mwaka 2000, seneta mmoja wa bunge la jimbo la Illinois alitangaza kwamba mtaa wa Englewood, upande wa kusini wa jiji la Chicago, ungepata bustani ya miti na maua. Englewood ni mtaa wa watu weusi ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukipoteza wakazi, nyumba zikibomolewa na viwanja vikibaki vitupu. Kwa waliobaki, bustani ilimaanisha kwamba kuna mtu bado anautazama mtaa wao. Jimbo likatoa ruzuku ya dola 100,000 kwa shirika dogo lililokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 2008 waandishi wa gazeti la Chicago Sun-Times walipokwenda kuangalia, walikuta kibanda cha kupumzikia kimesimama katikati ya magugu.

Seneta huyo alikuwa Barack Obama. Siku za tangazo alikuwa akiwania kiti cha Kongresi dhidi ya Bobby Rush, kinyang'anyiro alichoshindwa vibaya mwezi Machi mwaka huohuo. Siku za magugu alikuwa mgombea urais. Hakuna aliyemshtaki kwa kosa lolote, na uchunguzi wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Illinois ulilihusu shirika lililopokea fedha. Kwa upande wa sheria, habari yake iliishia hapo. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia. Afrika Mashariki tunamjua Obama wa Ikulu ya Marekani, na tunamjua Obama wa Kogelo. Obama wa Springfield, makao makuu ya Illinois, aliyekaa katika bunge la jimbo tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004 akiitafutia mitaa yake fedha kama walivyofanya wenzake wote, hatumjui. Ilhali huyo ndiye anayefanana zaidi na wabunge tunaowachagua sisi.

Niliweke sawa neno "jimbo", maana kwetu lina kazi mbili. Mtanzania akilisikia hufikiri eneo linalompeleka mbunge mmoja Dodoma, lile ambalo Mkenya huliita eneo bunge. Illinois ni jimbo la aina nyingine: lina watu milioni 12.8, gavana wake, mahakama zake, kodi zake na bunge lenye nyumba mbili. Maseneta ni 59, wawakilishi ni 118. Kila seneta anasimamia takriban watu 217,000, na ndani ya eneo lake mna wawakilishi wawili. Hawa si watu wa Washington. Ni watu wa shule, barabara za ndani, hospitali za jimbo, na paa la kituo cha vijana linalovuja.

Fedha za paa hilo hupatikana vipi? Hapa Illinois na Kenya zinaachana njia. Mwaka 2003, wakati Obama akiwa bado Springfield, Kenya ilitunga sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kwa ajili ya maeneo bunge, yagawanywe kwa kanuni inayojulikana. Mbunge wa Kenya, awe wa upinzani au wa serikali, mwenye bidii au mvivu, eneo lake linapata fungu. Seneta wa Illinois hana fungu. Hana akaunti ya maendeleo wala kamati ya miradi. Alicho nacho ni haki ya kuomba kwamba ndani ya sheria ya bajeti ya jimbo uingizwe mstari mmoja wenye jina la mradi wa kwao.

Mstari wenyewe nimeusoma mara nyingi, kwa kuwa sheria hizo ziko wazi kwa kila mtu. Huwa unakwenda hivi: kiasi cha dola kadhaa, au kadiri yake itakayohitajika, kinatengwa kutoka mfuko wa hati fungani kwenda idara ya biashara ya jimbo, kwa ajili ya ruzuku kwa shirika fulani, kugharimia ukarabati wa jengo lake. Basi. Haisemwi nani aliuomba, kwa nini mradi huu umetangulizwa kuliko ule, wala paa linavuja kiasi gani. Mistari ya aina hii hujipanga kwa mamia, na muswada mzima wa bajeti siku hizi unapita kurasa 3,000.

Bunge la Illinois hufanya kazi likiikimbia tarehe 31 Mei. Muswada ukipita baada ya siku hiyo na ukatakiwa uanze kutumika mara moja, katiba inadai kura tatu katika kila tano, badala ya wingi wa kawaida. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kwa hiyo kila mwaka siku za mwisho za Mei huwa za kukesha, na kurasa zile maelfu huwafikia wabunge wa kawaida saa chache kabla ya kura. Aliye nje ya duara la viongozi hana muda wa kuzisoma. Anachoweza kufanya ni kutafuta jina la mradi wake, akiliona apumue.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kupata fedha ni kipimo cha bidii ya mbunge. Wakati wa Illinois FIRST, mpango wa dola bilioni 12 aliouanzisha Gavana George Ryan mwaka 1999 kwa ajili ya barabara, shule na usafiri, fedha za miradi ya wabunge ziligawanywa kwanza kwa viongozi wa kambi nne: walio wengi na walio wachache katika kila nyumba. Kiongozi ndiye aliyejua nani apewe ngapi. Obama alikuwa upande wa walio wachache mpaka Democrat walipolichukua Baraza la Seneti mwaka 2003 na Emil Jones akawa rais wake. Ni Jones aliyempa nafasi ya kubeba miswada mikubwa iliyompandisha. Katika nyumba nyingine, Michael Madigan alikuwa Spika kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote katika historia ya mabunge ya majimbo ya Marekani. Mbunge aliyetaka paa, alimhitaji Spika. Na Spika alihitaji kura ya mbunge huyo katika mambo yasiyohusu paa hata kidogo. Mwaka 2025 Madigan alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu kwa rushwa. Makosa yake hayakuwa ya ruzuku za mitaani, lakini mamlaka yaliyomlea yalikuwa hayohayo: mtu mmoja kushika funguo za milango ya wengi kwa miaka karibu 40.

Siku hizi Republican, ambao ni wachache katika nyumba zote mbili, wanalalamika kwamba miradi inamiminika maeneo ya Democrat. Wana haki ya kulalamika. Mtoto wa kijijini kusini mwa Illinois hakuchagua chama cha mwakilishi wa wazazi wake. Katika hilo, mgao wa Kenya wa kila eneo kupata fungu una haki ambayo Illinois haina, na sitaki Mkenya anayesoma hapa adhani kila kilichoko Marekani kimepangwa vizuri kuliko chake.

Kuna jambo la kodi ambalo wabunge hawalitaji wanapokata utepe. Mwaka 2019 Gavana J.B. Pritzker alisaini mpango wa Rebuild Illinois, dola bilioni 45 kwa miaka 6. Sehemu ya barabara ililipiwa kwa kupandisha kodi ya mafuta ya petroli kutoka senti 19 hadi senti 38 kwa galoni. Sehemu ya majengo, ambamo ndimo vituo vya vijana, zahanati na kumbi za jamii zilimo, ilitegemea vitu vingine: kodi ya sigara iliyopanda kwa dola 1 kila pakiti, kodi ya maegesho ya magari, kubashiri matokeo ya michezo, na kasino mpya, zikiwemo za miji kama Rockford na Waukegan. Nani huvuta sigara nyingi? Nani hukaa mbele ya mashine ya kamari akiwa na ujira wa wiki? Kwa kiasi kikubwa ni watu walewale wa mitaa inayosubiri paa. Mbunge anaposhika cheki kubwa ya kadibodi mbele ya kamera na jina lake likaandikwa kwa herufi nene, ameshika fedha ambazo mvutaji wa mtaa huo alizitoa dukani. Kusema "nimewaletea" kunanichoma moyo. Aseme "nimewarudishia", nami nitampigia makofi.

Tuje kwenye sehemu ambayo haina kamera. Muswada umepita. Gavana anaweza kuufuta mstari huo kwa kalamu au kuupunguza kiasi, katiba inamruhusu. Akiuacha, bado fedha hazijatoka: ofisi ya gavana lazima iruhusu zitolewe, na fedha za majengo zinatokana na hati fungani ambazo serikali huziuza kwa wakati wake. Kisha idara ya biashara inaandikiana na shirika. Miezi inapita, wakati mwingine miaka. Mwaka wa fedha ukiisha kabla fedha hazijatumika, bunge huuandika tena mstari uleule katika bajeti inayofuata, na inayofuata. Ukilinganisha bajeti za miaka kadhaa utayaona majina yaleyale ya miradi yakirudi, kiasi kilekile, kama mgeni anayebisha hodi na hafunguliwi. Kila jina ni watu waliokwisha kuambiwa kwamba wamepata.

Na kuna waliovunjika kwa kusubiri. Tangu Julai 2015 hadi Julai 2017 Illinois haikuwa na bajeti kamili, kwa sababu Gavana Bruce Rauner, Republican, na bunge la Democrat hawakuelewana. Mashirika yaliyokuwa na mikataba yaliendelea kuhudumia wazee, walevi wanaotibiwa na watoto walio hatarini, yakidai serikali. Januari 2016 shirika la Lutheran Social Services of Illinois, mojawapo ya makubwa kabisa, lilifunga programu 30 na kuondoa nafasi za kazi 750. Novemba 2017 bili ambazo jimbo halijazilipa zilipita dola bilioni 16. Shirika kubwa lilijeruhiwa likabaki hai. Madogo mengi hayakuwa na akiba ya kulipa mishahara hata ya miezi miwili.

Sasa turudi Englewood. Illinois ilijifunza, tena kwa maumivu. Mbali na bustani, kulikuwa na mpango wa Gavana Pat Quinn wa kupambana na vurugu mitaani, uliotolewa haraka mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 50. Mkaguzi Mkuu William Holland alipoukagua, ripoti yake ya 2014 ilikuta kasoro kila mahali, kuanzia namna mashirika yalivyochaguliwa mpaka matumizi yasiyo na ushahidi. Mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria ya uwajibikaji wa ruzuku, inayofahamika kwa ufupi kama GATA. Nyuma kidogo, mwaka 2012, lilikuwa limefuta nafasi za masomo ambazo wabunge walizigawa wenyewe tangu 1905, baada ya kugundulika zikiwaendea watoto wa marafiki na wafadhili wa kampeni. Mkono wa mbunge uliondolewa hatua kwa hatua kwenye fedha yenyewe.

GATA ni sheria nzuri na naiunga mkono. Shirika linalotaka ruzuku lazima lisajiliwe katika tovuti ya jimbo, liwe na namba ya serikali kuu, liwe halina dosari katika daftari la mashirika, lijibu dodoso refu kuhusu udhibiti wake wa ndani wa fedha, lijaze bajeti kwa mfumo mmoja, kisha litume taarifa kila robo mwaka. Kama ni ujenzi, mafundi walipwe kima kilichowekwa na sheria. Na mara nyingi malipo ni ya marejesho: unatumia kwanza, unaleta risiti, unarudishiwa. Kila sharti hapa limezaliwa na senti iliyopotea mahali fulani.

Lakini isome orodha hiyo ukiwa mwenyekiti wa chama cha Wakongomani wa Rock Island. Miji ya Rock Island na Moline, kando ya mto Mississippi magharibi mwa Illinois, imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Kiswahili kinasikika makanisani, madukani, kwenye vituo vya basi. Jamii kama hii inajua kuchangishana: msiba, harusi, kodi ya ukumbi, tiketi ya mgeni, yote hupatikana kwa daftari na simu. Inachohitaji ni chumba cha kudumu cha kufundishia watoto baada ya shule na kuwasaidia wazee na makaratasi. Mwambie sasa mwenyekiti atangulize dola 80,000 za ukarabati mfukoni mwake akingoja marejesho. Atakuangalia, atacheka kwa adabu, na hutamwona tena. Sheria iliyotungwa ili bustani ya Englewood isirudie inamfungia nje mtu ambaye angeipanda kweli.

Kazi ya mbunge ninayoitetea imo katika nafasi hiyo, kati ya sheria kali na mwenyekiti asiye na akiba. Seneta hawezi kuandika cheki, na ni vema asiweze. Anachoweza ni kukaa na chama hicho mwezi Septemba, miezi 5 kabla gavana hajasoma hotuba ya bajeti mwezi Februari, na kuuliza maswali ya kuchosha: mmesajiliwa? mahesabu yenu ya mwaka jana yako wapi? jengo ni lenu au mmepanga? nani atalipa umeme na ulinzi mwaka wa tatu? Akiona hawajawa tayari, awatafutie taasisi yenye uzoefu, chuo cha jamii, manispaa au mamlaka ya bustani za umma, ipokee fedha kwa niaba yao kwa mkataba unaowalinda. Aulize idara kama sehemu ya fedha inaweza kutangulizwa. Haya hayana picha. Hufanywa na mtumishi wa ofisi ya seneta ambaye wapiga kura hawamjui jina, na seneta mzuri utamtambua kwa mtumishi wa namna hiyo kabla hujamtambua kwa hotuba.

Nitasema pia lisilopendeza: wakati mwingine seneta mwema akatae. Mradi usio na mtu wa kuusimamia baada ya utepe kukatwa usiingizwe kwenye bajeti, hata kama anayeuomba ni mchungaji mwenye waumini 2,000 wanaopiga kura. Bustani ya Englewood ilihitaji mtunza bustani, maji, uzio na mtu wa kuuliza mwaka unaofuata miti imefikia wapi. Dola 100,000 zilitoka, na miaka ilipopita kilichoonekana ni kibanda na magugu.

Najua nitajibiwa kwamba hayo ni kazi ya idara na wakaguzi, na mbunge kazi yake ni kutunga sheria. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema jambo linalokaribiana na hilo tarehe 8 Agosti 2022, ilipobatilisha sheria ya CDF ya mwaka 2013 kwa kukiuka mgawanyo wa madaraka. Na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha pia sheria iliyofuata, ya NG-CDF, jina jipya la mfuko huohuo, ikiupa mfuko huo mpaka Juni 30, 2026. Kanuni naikubali: anayesimamia serikali asiwe mtekelezaji. Ila mfano wa Illinois unatuonyesha kwamba kumwondoa mbunge kwenye mfuko hakuondoi siasa kwenye mradi. Siasa inahamia usiku wa Mei 30, chumbani mwa viongozi, ambako mwananchi haingii. Kenya ikifuta NG-CDF bila kusema ni nani atakayefuatilia darasa lililojengwa nusu, wabunge wataendelea kuomba madarasa, kwa minong'ono badala ya vikao vya kamati.

Kufuatilia si kutekeleza. Mbunge anayepiga simu kuuliza mkataba umekwama kwa nani hajagusa fedha. Anayekwenda kuona paa, akarudi na picha na kuuliza swali kamati ya bajeti ikikaa, anafanya usimamizi hasa ambao katiba inamtaka aufanye. Ningependa kila ofisi ya seneta wa Illinois itundike ukutani karatasi moja: miradi yote aliyoiombea fedha, mwaka ilipopitishwa, fedha zilizotoka mpaka leo, na hali ya jengo lenyewe. Habari hizo zipo tayari katika nyaraka za jimbo, vipandevipande, kwa anayejua kuzitafuta. Mkimbizi aliyefika Moline mwaka juzi hajui kuzitafuta, na hapaswi kulazimika.

Kwa ndugu zetu walioko huko, walio na uraia na wasio nao bado: anwani yako ina seneta mmoja na mwakilishi mmoja wa jimbo, na kila mmoja ana ofisi mjini kwenu, si Springfield tu. Huhitaji kura wala Kiingereza fasaha kuingia humo. Usiende na ombi siku ya kwanza. Nenda uchukue bajeti ya mwaka huu, tafuta kasma zenye jina la mji wako, kisha umuulize mtumishi wa mapokezi hii ya ukumbi iliyoandikwa miaka 3 mfululizo imesainiwa mkataba? Kama bado, karatasi iko mezani kwa nani?